Je, wajua kwa nini aurora huwaka ghafla angani?

Kila picha za aurora zinapozagaa kwenye simu zetu, ile mianga ya kijani inayopepea juu ya Norway na Kanada, watu wa Kisumu huuliza mbona haifiki kwetu. Ikweta inapita hapo Maseno tu. Elektroni zinazowasha aurora hufuata mistari ya sumaku ya dunia, na mistari hiyo huzama ardhini kule karibu na ncha. Huku kwetu imelala karibu sambamba na ardhi.

Swali linalonivutia zaidi ni hili: kwa nini mwanga huo hukaa hafifu kwa muda mrefu, halafu ndani ya dakika chache ukajaa mbingu nzima?

Fikiria nyatiti. Ukipiga uzi wake mmoja, mtetemo hukimbia kutoka ncha hadi ncha. Uzi ukikazwa, mtetemo huongeza kasi. Ukiwa mzito, hupunguza. Mistari ya sumaku iliyomo ndani ya plazma, yaani gesi ambayo atomi zake zimenyang'anywa elektroni, hutetemeka vivyo hivyo: nguvu ya sumaku ndiyo mkazo, ioni, yaani zile atomi zilizonyang'anywa elektroni, ndizo uzito. Hannes Alfvén wa Uswidi alieleza mawimbi haya mwaka 1942, na mwaka 1970 akatunukiwa Nobel.

Upepo wa jua huvuta sumaku ya dunia ikawa na mkia mrefu upande wa usiku. Mistari ya mkia huo ikikatika na kuungana upya, nishati iliyolimbikizwa hufunguka, na sehemu yake huja kwetu ikibebwa na mawimbi ya Alfvén. Maelfu ya kilomita juu ya ardhi, mawimbi hayo huzaa nguvu ya umeme inayoelekea kufuata mistari ya sumaku. Elektroni yenye kasi inayokaribiana na ya wimbi huandamana nalo na kuzidi kusukumwa, hata ikafikia takriban kilomita 20,000 kwa sekunde. Elektroni za namna hiyo zikimiminika kwa wingi na kugonga oksijeni, kilomita 100 na zaidi juu yetu, kijani kile huwaka kwa nguvu.

Mwaka 2021, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Iowa walilipima jambo hili ndani ya mtambo wa plazma wenye urefu wa mita 20 huko Los Angeles. Walituma mawimbi ya Alfvén, wakaona ni kikundi kidogo tu cha elektroni kilichopokea nishati: zile zilizokuwa na kasi karibu sawa na ya wimbi.