Mashua ndogo au kubwa kwa Ziwa Kivu

Wanaonijia hapa Bukavu, kusini mwa Ziwa Kivu, wakitaka mashua ya matanga huanza kwa kuniuliza idadi ya vitanda. Mimi huwauliza kwanza wataitoaje majini, kwa kuwa hapo ndipo mashua ya mita 6 na ile ya mita 10 zinapoachana kabisa.

Kule Lamu au Zanzibar, nahodha hukiacha chombo kikae mchangani maji yanapokupwa, akakikwangua na kukikalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, kisha maji yakijaa yanakiinua tena. Ziwa letu halina kupwa wala kujaa. Mashua yenye mkuku mzito, yaani uti wa chini wa chombo, unaoshuka karibu mita 2 chini ya maji inahitaji mtelezo wa zege na mashine ya kuivuta, na upande wa Goma sehemu kubwa ya ufuo ni mawe makali ya volkano. Ile ndogo, ambayo mkuku wake ni ubao unaopandishwa, watu wachache huivuta nchi kavu juu ya magogo.

Jambo la pili ni hesabu, nami nawasihi wanunuzi waipe muda. Ukiongeza urefu mara mbili bila kubadili umbo, eneo la matanga huwa mara 4, uzito mara 8, na nguvu ya chombo ya kujiinua kinapolazwa na upepo mara 16. Ndiyo maana chombo kikubwa hutulia mawimbini, na ndiyo maana pia demani yake, kamba ya kuongozea tanga, haishikiki kwa mkono mtupu dhoruba ya masika inaposhuka ghafla kutoka milimani. Mwendo, kinyume na wengi wanavyotarajia, hauongezeki sana: urefu wa mita 6 majini hukomea takriban kilomita 11 kwa saa, na mita 10 takriban 14, kwa sababu chombo hufungwa na wimbi kinalolizusha chenyewe.

Tena Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo upepo wa kasi ile ile hulisukuma tanga kwa nguvu pungufu. Asubuhi tulivu nimeona mashua nzito ikisimama kama kisiwa huku ndogo ikiteleza.

Anayekusudia kwenda Goma mara kwa mara, safari ya kilomita 100 hivi, akilala njiani kisiwani Idjwi pamoja na watoto, na akiwa na wenzake wawili wanaojua kazi, nitamjengea kubwa bila kusita. Wengine wote nawashauri ndogo. Hivi sasa ninaunda moja ya mita 6.5 kwa wanandoa wa mtaa wa Muhumba hapa mjini: tumeondoa kabati mbili, tukarefusha mlingoti kidogo, na katika tanga kuu tumeshona safu mbili za kamba za kulipunguzia upepo unapozidi.