Reli, mipaka na machifu: tunayoyakosea darasani

Kazi za vikundi kuhusu ujenzi wa taifa na siasa za dunia zimeshawasilishwa, na nyingi zimenifurahisha. Wenzangu hapa Mbeya wamesoma kweli. Lakini yapo madai yaliyopita kundi hadi kundi bila kuulizwa, na yote yanatufanya sisi kuwa watu wa kutendewa tu.

Lililonikera zaidi: “Wachina walitupa TAZARA bure kwa ajenda yao.” Ajenda walikuwa nayo, maana Beijing ilikuwa ikitafuta marafiki Afrika. Bure, hapana. Ulikuwa mkopo usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Na walioitaka reli ni sisi na Wazambia. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia Novemba 1965, shaba ya Zambia ilitegemea mno reli za kusini, zilizokuwa mikononi mwa walowezi. Kaunda na Nyerere wakataka njia ya kutokea Dar es Salaam. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zikakataa, zikidai reli hiyo haitalipa. China ikakubali mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zikakabidhiwa 1976.

Kundi moja likaongeza kwamba hapo ndipo tulipojiunga na kambi ya Mashariki. Basi tusiisahau barabara kuu ya kwenda Tunduma, mpakani na Zambia: Marekani ilifadhili sehemu ya ujenzi wake, miaka ileile. Bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi 1968, lilijengwa na Waitaliano. Fika Iyunga uone stesheni ya TAZARA ilivyo jirani na lami hiyo, malori ya shaba yakipita. Nchi iliyochukua kwa wote hao ilikuwa inachagua, na hilo ndilo nililotamani kulisikia kwenye uwasilishaji.

Kuhusu mipaka, karibu kila mtu aliandika “Berlin, 1884–85”. Mkutano ule uliweka kanuni za kugawana. Mstari wa Tunduma ulitokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ukawaacha Wanyamwanga huku na kule. Hakuna aliyetaja Cairo, Julai 1964, ambako viongozi wa Afrika wenyewe walikubali kuiheshimu mipaka waliyoikuta wakati wa uhuru, kwa azimio lililopelekwa na Nyerere. Unaweza kuupinga uamuzi huo, lakini ulikuwa wetu.

La mwisho ni kwamba taifa lilijengwa kwa kuwatupa machifu. Uchifu ulifutwa kweli, 1963. Hata hivyo Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa Spika wa Bunge tangu 1962, na ukiondoa miaka michache katikati alikikalia kiti hicho hadi 1994. Kundi lililoshughulikia Iringa lilimpa babu yake na vita vyake na Wajerumani pale Lugalo, 1891, slaidi nyingi, nzuri sana. Mjukuu hakupata hata mstari mmoja.