Kilomita 270 za theluji, nawe utatumia mita 200

Khalati yangu wa Maskati alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Mbili za mwanzo zilikuwa salamu. Kisha akaingia kwenye shughuli: "Mwanangu, mwaka huu hatuji Zell am See kiangazi. Tunakuja wakati wa theluji, tunakwenda Saalbach. Nimeona wameandika kilomita mia mbili na sabini. Siku sita zitatutosha kuzimaliza?"

Nilicheka peke yangu ndani ya gondola, kile kibanda cha lifti kinachoning'inia kwenye kamba, mpaka abiria wenzangu wakageuka. Khalati hajawahi kuvaa buti la skii. Wajukuu zake wawili theluji wanayoijua ni ile ya ndani ya jengo la maduka, Dubai. Lakini swali lake ndilo ninaloulizwa kila mwaka, tangu mwezi wa tisa, na ndugu wa Maskati, Leicester, München na Dar. Mimi hufundisha wanaoanza skii katika bonde hili la Glemmtal, Austria, ambamo Saalbach imo, na nadhani ni heri niandike mara moja kuliko kujibu simu hamsini.

Hizo kilomita kwanza, yaani urefu wa njia zote za kuteremkia ukijumlishwa. Saalbach, Hinterglemm na Leogang ziko jimbo la Salzburg. Fieberbrunn iko Tirol. Milima ya vijiji hivi vinne imeunganishwa kwa lifti zipatazo 70, na pasi moja, yaani tiketi ya lifti, inafungua zote. Fieberbrunn iliunganishwa mwaka 2015. Mtu anayejua skii vizuri anaweza kutoka asubuhi, akazunguka mlima baada ya mlima bila kurudia njia, akarejea jioni kitandani kwake. Hapo ndipo ukubwa una maana. Anayeanza, siku zake mbili za kwanza atazimalizia kwenye kiwanja cha mteremko mdogo chini bondeni, akipandishwa na mkanda unaosogea kama ule wa mizigo uwanja wa ndege. Mita mia mbili kushuka, anapanda tena. Siku ya tatu au ya nne atajaribu njia ya buluu, iliyo nyepesi. Kilomita zilizobaki atazilipia tu.

Kwa hiyo kama familia nzima ndiyo kwanza inaanza, mimi huwaambia waende kijiji kidogo chenye lifti chache. Watajifunza yaleyale kwa pesa kidogo zaidi. Sehemu kubwa kama hii inafaa pale familia imechanganyika: mmoja hajui kabisa, mwingine ni hodari, mwingine hataki hata kuziona skii, anataka kukaa juani mlimani na kikombe cha chokoleti ya moto. Familia ya khalati ni hiyo hasa. Mkwewe amesoma na kufanya kazi Ujerumani miaka mingi, anateremka njia nyeusi, zile ngumu, bila wasiwasi. Basi Saalbach inaingia akilini.

Rangi za njia hapa ni tatu: buluu ni nyepesi, nyekundu ya wastani, nyeusi ngumu. Kijani hakipo, wala usikitafute. Zaidi ya nusu ya njia za eneo hili ni za buluu, na ndiyo sababu nalipendelea kwa familia kuliko St. Anton, mji mwingine wa skii hapa Austria, ambako hata njia ya buluu inaweza kumtoa mgeni machozi. Sisemi St. Anton ni mbaya. Mtu mzima anayejua anachokifanya nitampeleka huko kwa furaha.

Jambo la pili ni pa kulala, na hapa ndipo watu huharibu safari. Wanapima umbali wa hoteli kutoka kwenye gondola kubwa. Pima umbali kutoka kitandani hadi kiwanja cha shule ya skii ya watoto. Mita mia tatu ukiwa na viatu vya kawaida si kitu. Mita mia tatu ndani ya mabuti ya skii, juu ya barafu, umebeba skii zako na za mtoto wa miaka sita anayelia kwamba glavu imepotea, hiyo ni safari. Nimewaona kina baba wakifika darasani wamelowa jasho, somo lao wenyewe halijaanza.

Katikati ya Saalbach pana raha ya aina yake, ila ujue: kuanzia alasiri watu wanashuka mlimani moja kwa moja hadi kwenye baa, buti mguuni, na muziki hauna haya. Khalati akipanga juu ya baa hizo hatalala. Leogang ni kimya, ina kituo chake cha reli, na gondola yake inaingia kwenye mzunguko uleule. Watu wa Ghuba wengi wameizoea Zell am See kwa sababu ya ziwa lake kiangazi, na huniuliza kwa nini wasilale palepale. Inawezekana. Pasi iitwayo Alpin Card inachanganya Saalbach, mlima Schmittenhöhe wa Zell am See na barafu ya Kitzsteinhorn iliyo juu ya Kaprun, ambako lifti zinafika mita 3,029. Lakini kama watoto wameandikishwa shule Saalbach, kila asubuhi mtapanda basi na mizigo yote hiyo. Andikisheni shule Zell am See hukohuko, au hamieni bondeni. Kukaa huku na kusoma kule ni kujitafutia adha.

Sasa wakati. Msimu huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzo wa Desemba, ukaisha katikati ya Aprili. Kijiji cha Saalbach kiko mita kama 1,000 tu juu ya bahari na vilele vinavyofikiwa na lifti ni kama mita 2,000, kwa hiyo si mahali pa juu sana kwa vipimo vya Alps. Wenyewe wanajua, ndiyo maana sehemu kubwa ya njia ina mitambo ya kutengeneza theluji. Mitambo hiyo nayo inahitaji baridi. Hewa ikiwa ya joto, haifanyi kitu. Desemba ya mapema ni bahati nasibu. Krismasi na mwaka mpya ni ghali na pamejaa. Februari shule za Austria zinafungwa kwa zamu, majimbo haya wiki hii na mengine wiki ijayo, Wajerumani wa Bavaria nao wanaingia wakati wa kanivali, pamoja na Waholanzi. Wiki hizo utasimama foleni ya lifti kama foleni ya kivuko cha Likoni saa za kazi.

Wiki zangu ni zile za baada ya tarehe 6 Januari, sikukuu ya Wafalme Watatu ikishapita. Bei hushuka, theluji kwa kawaida imeshashika, madarasa yana watoto wachache. Ubaya wake ni baridi: usiku unaweza kwenda nyuzi kumi chini ya sifuri na zaidi, na jua halikai. Mwezi Machi una jua refu na watu wa pwani hufurahi zaidi, ila lazima ujue bonde limelala vipi. Upande mmoja milima inatazama kusini na kupigwa jua kutwa. Kufika saa nane mchana theluji yake imekuwa uji. Upande wa pili uko Schattberg, yaani mlima wa kivuli, na Zwölferkogel, palipofanyika mashindano ya dunia Februari 2025. Huko theluji inabaki ngumu, lakini mteremko nao si wa mchezo.

Kwa wanaofunga, tazameni kalenda kabla ya kulipa chochote. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwezi kuandama. Skii inakausha mwili kuliko mtu anavyodhani, maana hujioni ukitoka jasho. Hilo peke yake lilimfanya khalati achague Januari bila mimi kuongeza neno.

Vyumba vingi vinauzwa Jumamosi hadi Jumamosi, na darasa jipya huanza Jumapili au Jumatatu. Ukifika Jumatano utakuta wenzako wameshajifunza kusimama. Ukitokea München kwa gari Jumamosi, tarajia msongamano. Kwa treni kupitia Salzburg hadi Zell am See, kisha basi, hutasumbuka.

Nije kwenye buti, nisamehewe nikirefusha. Katika kazi yangu sijaona kitu kinachovunja watu moyo kuliko buti baya. Mtu anasema "skii si yangu" kumbe tatizo ni mguu unaoogelea ndani ya buti. Kila mgeni anachagua kubwa kwa sababu linaonekana la starehe pale dukani. Linatakiwa kubana. Ukisimama wima, vidole viguse mbele. Ukikunja magoti na kuegemea, vidole virudi nyuma kidogo na kisigino kisinyanyuke. Soksi ni moja tu, ndefu, ya sufu. Wanaovaa soksi mbili kwa kuogopa baridi ndio wanaopata baridi zaidi, kwa sababu damu inabanwa na kitambaa kinajikunja. Suruali ya ndani iishie juu ya buti, isitumbukizwe. Ukikodisha, enda Jumamosi jioni, tembea dukani dakika kumi, na kesho yake ukiumia rudi ubadilishiwe, hawakatai.

Fundi wa duka atakuuliza urefu, umri, uzito na kama unajua. Hayo si maneno ya udaku. Ndiyo yanayoamua kishikio kinachofunga buti kwenye skii kiliachie kwa nguvu gani ukianguka. Kikibana mno, skii haiachii na goti linapinduka. Kikilegea, inachomoka katikati ya kona. Kina mama huninong'oneza uzito, sawa, mimi nitamnong'oneza fundi. Wanaonitia hofu ni vijana wa kiume wanaojiandika hodari hali hawajawahi kusimama.

Watoto wapeni mwalimu, si baba. Hata kama baba anajua. Katika darasa la watoto tunafundisha kufunga breki kwa neno moja, "pizza": ncha za mbele zikaribiane, za nyuma zitanuke. Kufika siku ya tatu wanashuka wakiimba, na baba aliyekataa somo amelala kifudifudi. Na wanaoniuliza kwa sauti ya chini kama "watu wetu" wanaweza mchezo huu, mimi huwatajia Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia hapa Austria, akaiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018.

Pesa: pasi ya mtu mzima ya siku sita inapita euro 300. Usimnunulie anayeanza siku ya kwanza. Uliza tiketi ya lifti ndogo, mengine baadaye. Njoo na pasipoti za watoto, bei yao inategemea mwaka wa kuzaliwa. Kadi iweke mfuko wa kushoto, mbali na simu, lango litaisoma lenyewe.

Bima isome neno kwa neno. Viza ya Schengen inadai bima isiyopungua euro 30,000, na wengi hununua ya bei ndogo kuliko zote ili ubalozi uridhike. Hakikisha imetaja michezo ya majira ya baridi na gharama za uokoaji mlimani, pamoja na helikopta, kwa sababu hizo Austria unadaiwa wewe uliyeanguka. Namba ya waokoaji wa milimani ni 140. Na sheria moja ya njiani itakayokukinga kuliko helmeti: aliye chini yako ndiye mwenye haki, wewe uliye juu ndiwe wa kumkwepa. Ukitaka kupumzika, simama pembeni.

Chakula cha mlimani ni kitamu na nyama ya nguruwe imejificha kila pahala, hata kwenye supu na madonge. Kasnocken za Pinzgau, yaani vidonge vya unga na jibini, ni salama mara nyingi, uliza tu kuhusu vipande vya nyama. Kaiserschmarrn, chapati nene iliyochanwachanwa na kunyunyizwa sukari, watoto huipenda. Ila zabibu zake wakati mwingine zimelowekwa kwenye ramu. Sema mapema, watakupikia bila zabibu. Adhuhuri huingia wakati wa mapumziko ya chakula, Alasiri mapema, na Maghrib ya Januari kabla ya saa kumi na moja. Panga darasa na hayo.

Limebaki moja, la wale hodari. Msimu mmoja baba wa familia niliyokuwa nikiwafundisha wanawe alivuka hadi Fieberbrunn, akanogewa, akala chakula cha mchana kirefu. Lifti za kuunganisha milima hufunga karibu na saa kumi. Alipofika, mlinzi alishafunga lango. Kwa barabara, Fieberbrunn hadi Saalbach ni kama kilomita 50 kuzunguka milima. Alirudi kwa treni na basi, buti mguuni, akaingia chakula cha usiku kimekwisha, na mkewe hakumuuliza kitu, jambo ambalo ni baya zaidi.

Mkwe wa khalati nimeshamwekea kengele kwenye simu: saa saba na nusu mchana, popote alipo, anageuza skii.