Maana ya "kusimama mahali palipobomoka"

Maneno haya husikika karibu kila mkesha: "Bwana, tunasimama mahali palipobomoka kwa ajili ya taifa letu." Yametoka Ezekieli 22:30, Mungu anaposema alitafuta mtu "atakayelitengeneza boma, na kusimama mbele zangu mahali palipobomoka, kwa ajili ya nchi, nisiiharibu. Lakini sikuona mtu." Ezekieli alikuwa uhamishoni Babeli, na Yerusalemu ilikuwa imebakiza miaka michache tu kabla ya kuanguka mwaka 586 KK.

Mfugaji wa Bahi au Chamwino, hapa Dodoma, anaielewa picha hii haraka. Zizi la matawi ya miiba halibomoki kwa kishindo. Matawi hukauka na kulala, mchwa hula nguzo, na siku moja upande mmoja una pengo la kupita mbuzi. Fisi hahangaiki na zizi zima, anaingilia hapo. Mwenye zizi basi ana kazi mbili: kulinda pengo usiku huohuo, na kukipambazuka akate miiba azibe. Mstari wa Ezekieli nao una kazi mbili, kulitengeneza boma na kusimama. Tofauti ni kwamba anayesimama hapa hamtazami fisi. Amesimama "mbele zangu", yaani mbele za Mungu ambaye hukumu yake imekaribia, anawaombea watu wake rehema. Ndivyo Musa alivyofanya baada ya ndama ya dhahabu, na Zaburi 106:23 inamtaja kwa picha hiyohiyo.

Anayeomba tu bila kuziba anaacha pengo wazi. Anayeziba tu bila kuomba hugeuka hakimu wa majirani, na watu humkwepa.

Boma lilibomokea wapi? Tukisema mmomonyoko wa maadili, wengi wetu tunawaza mavazi ya vijana na nyimbo za matusi. Orodha ya Ezekieli 22 ni pana zaidi. Zinaa imo, na haikupunguzwa makali. Lakini wamo pia wazazi waliodharauliwa, mgeni aliyeonewa, yatima na mjane, rushwa, riba, makuhani wasiotenga kitakatifu na kisicho kitakatifu, na wakuu walio kama mbwa-mwitu. Kwa hiyo mikopo ya kausha damu, yaani ya riba kubwa mno, ni suala la maadili sawasawa na uasherati. Mama lishe akikopa 100,000 na kutakiwa kurudisha 130,000 baada ya mwezi, hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Nehemia, aliyeongoza kujenga upya ukuta wa Yerusalemu, alipokutana na jambo kama hilo (sura ya 5) aliwaita wakuu mbele ya mkutano akadai warudishe mashamba, nyumba na ile sehemu ya mia waliyotoza. Kanisa linaweza kuanza na swali dogo: je, mkopeshaji huyu ana leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018? Na je, ni mzee wetu wa kanisa?

Kosa linaloharibu zaidi ni lile ambalo Ezekieli analiita kupaka "chokaa isiyokorogwa vema" (13:10 na 22:28). Ukuta una ufa, mtu anaupaka juu ung'ae. Mvua ya kwanza inauonyesha. Huku kwetu chokaa hiyo mara nyingi inaitwa "tuyamalize kifamilia". Binti wa shule amepewa mimba, wazee wanakaa chini ya mti, ng'ombe wanahesabiwa, mchungaji anaitwa kufunga kikao kwa sala. Wapo wanaotaja Mathayo 18:15-17 kuhalalisha hilo: mwonye peke yake, kisha mbele ya mmoja au wawili, kisha liambie kanisa. Hatua hizo ni za ndugu aliyekukosea. Hazikuwekwa ili kuficha jinai dhidi ya mtoto. Kumpa mimba mwanafunzi, kwa Sheria ya Elimu iliyorekebishwa mwaka 2016, adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Jambo la namna hiyo linakwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi au kwa afisa ustawi wa jamii, na namba ya simu kwa mambo ya watoto ni 116. Rushwa, pamoja na rushwa ya ngono, inakwenda TAKUKURU kwa 113. Andika tarehe, mahali, kilichosemwa na nani alikuwepo, siku hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijachanganyika na maneno ya mtaani. Usimlazimishe mtoto kusimulia mbele ya baraza la wazee.

Upande wa pili ni kujiona shujaa. "Sikuona mtu" haina maana kwamba Mungu anamsubiri mtu mmoja maarufu mwenye kipaza sauti. Kwa Mkristo, aliyesimama pale kikamilifu ni Kristo, na Waebrania 7:25 inasema bado anatuombea. Sisi tunasimama nyuma yake. Ndiyo maana Nehemia 3 inavutia kuliko mahubiri mengi ya uamsho: ni sura nzima ya majina ya watu na vipande vya ukuta, na makuhani wakijenga "kila mtu kuielekea nyumba yake". Ukuta ulikamilika kwa siku 52.

Kuielekea nyumba yake, katika Dodoma, kunaweza kuwa hivi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta karibu asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 mkoani humu wamekeketwa. Sheria ya 1998 iliweka kifungo cha miaka 5 hadi 15, na sehemu nyingine ngoma zikaisha lakini kisu kikahamia kwa watoto wachanga, kimyakimya. Sababu inayotajwa ni lawalawa: mtoto anawashwa na kutokwa na majimaji sehemu za siri, bibi anaamini dawa yake ni kukata. Hayo ni maambukizi yanayotibiwa kwa usafi na dawa za zahanati. Mahubiri ya kulaani mila hayamfikii bibi huyu. Anayemfikia ni mama wa umoja wa wanawake anayemtembelea mzazi ndani ya wiki za kwanza, akaomba naye, akamwonyesha kumwosha mtoto kwa maji safi na kumkausha, akasema, "Bibi, tukiona anawashwa, twende sote zahanati", kisha akarudi wiki inayofuata kuuliza hali.