Kabla ya Kunyoosha Kengeza, Tujue Kama Jicho Linaona

Siku ya Uoni Duniani huangukia Alhamisi ya pili ya Oktoba. Kila inapokaribia, kliniki ya macho hapa Mbeya hujaa watu wenye ombi moja: "Daktari, ninyooshee hili jicho." Si ombi baya. Ila sisi huanza na swali jingine: jicho lenyewe linaona?

Macho mawili hutazama pamoja kwa sababu ubongo unaunganisha picha zake kuwa moja. Picha ya upande mmoja ikififia, ubongo hukosa cha kuunganisha, na jicho lile huhama kidogo kidogo. Kwa mtoto mdogo mara nyingi huvutika kuelekea puani. Kwa mtu mzima hutoka nje, upande wa sikio. Ndiyo maana fundi wa mbao wa Mafinga aliyerukiwa na kibanzi miaka kadhaa nyuma anakuja akisema kengeza limeanza juzi. Lilianza siku kovu lilipoziba kioo cha jicho.

Bibi mmoja kutoka Rungwe alimleta mjukuu wake wa miaka miwili. Nilimfunika mtoto jicho lililopinda kwa kiganja. Akaendelea kuchezea kifuniko cha chupa. Nilipofunika lililonyooka, akalia, akausukuma mkono wangu, kifuniko kikaanguka sakafuni. Bibi akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe haoni." Mjukuu alikuwa na mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho, ambao wengine huzaliwa nao. Hakurogwa, na mama yake hakumcheka mwenye kengeza akiwa mjamzito. Hili tumelisema mpaka tumechoka.

Ni kweli macho ya kichanga huweza kuyumba miezi mitatu au minne ya mwanzo, na pua pana humfanya mtoto aonekane ana kengeza asilo nalo. Baada ya hapo, "atakua nalo litaisha" si ushauri. Kuna watoto ambao kengeza ni dalili ya saratani ya jicho, ambayo wengi huipata kabla ya miaka 5. Ukiona weupe ndani ya mboni, hata kama ni kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga, usingoje tarehe ya kliniki. Njoo leo. Na tafadhali, maji ya majani na maziwa ya mama visitiwe machoni. Baadhi ya makovu tunayoyaona yametokana na dawa za namna hiyo.

Kwa wasio wa dharura, utaratibu ni huu. Anzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, mkoa, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Barua ya rufaa iwe na tarehe, muhuri, na itaje jicho la kulia au la kushoto. Isiyotaja hutupotezea asubuhi nzima. Njoo na kadi ya kliniki ya mtoto, na ya bima kama unayo. Utawekewa matone ya kupanua mboni na utasubiri. Uoni wa karibu utafifia kwa saa kadhaa, kwa hiyo usije ukiendesha pikipiki mwenyewe. Mzazi anayemficha mtoto akumbuke kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka ampatie matibabu. Kukiuka ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sisi si polisi, lakini sheria ipo.

Mtu mzima ambaye jicho limepinda ghafla na anaona vitu viwili viwili, hiyo ni habari nyingine: huenda ni mshipa wa fahamu. Asipange foleni, aende dharura.

Upasuaji wa misuli hunyoosha jicho. Haurudishi uoni, na jicho lisiloona linaweza kuhama tena baada ya miaka. Kwa hiyo tunatibu chanzo kwanza: mtoto wa jicho anaondolewa, miwani inavaliwa, na kwa mtoto jicho lililolala, yaani lile ambalo ubongo umezoea kutolitumia, linazoezwa kwa kiraka. Kiraka kinabandikwa kwenye jicho linaloona vizuri, si lile bovu. Mtoto atalia na kukivuta, kama alivyousukuma mkono wangu. Asihamishiwe upande wa pili ili anyamaze.