Beseni la maji ya kahawia, na maswali ya kumuuliza mtaalamu wa tiba mbadala

Mama mmoja wa Kibosho alikuja ofisini kwetu hapa Moshi, tunakoshughulikia usajili wa watoa tiba asili na tiba mbadala, na picha kwenye simu: beseni la plastiki, miguu yake miwili ndani, maji yamegeuka rangi ya kahawa. Ana kisukari kwa miaka mingi. Aliambiwa ile rangi ni sumu ya sukari inayotoka mwilini kupitia nyayo, na kwamba akimaliza vipindi kumi ataachana na vidonge. Vidonge alikuwa ameshaviacha. "Mwanangu, nimeona kwa macho yangu," akaniambia. "Maji yaliwekwa meupe, nikatoa miguu yakiwa hivi."

Sikubishana naye. Tulitafuta beseni, tukaweka maji ya vuguvugu na kijiko cha chumvi, tukatumbukiza kifaa cha umeme cha aina ileile aliyowekewa yeye na kukiwasha. Mguu hatukuweka. Baada ya kama nusu saa maji yalikuwa ya kahawia, na juu yanaelea mapovu na vipande vyeusi. Ni kutu. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi hula chuma cha kifaa, basi. Mama alitazama beseni kwa muda, kisha akauliza vidonge vyake aanzie wapi tena. Tukamwandikia barua, akaenda hospitali ya Mawenzi siku hiyohiyo.

Malalamiko ya aina hii yanazidi, ndiyo maana naandika. Hatuna ugomvi na tiba mbadala. Serikali inaitambua kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, na kazi yangu ya kila siku ni kuwasaidia wahusika wasajiliwe. Kinachonisumbua ni wananchi kumkabidhi mtu figo, moyo au kisukari bila kumuuliza amefikaje hapo alipo.

Kwa wenzetu waliojipanga, njia ya kufika hapo ni ndefu. Marekani, chuo cha naturopathia (tiba mbadala inayotumia njia za asili kama lishe na mimea) kinachotambuliwa humchukua mwanafunzi mwenye shahada tayari, kikamsomesha miaka minne: kwanza anatomia, fiziolojia, patholojia na dawa za hospitali, kisha kliniki chini ya msimamizi. Saa za masomo zinapita 4,000. Kuna mtihani wa sayansi za msingi na mtihani wa kliniki, na hata akifaulu yote, yapo majimbo yasiyompa leseni. India shahada ya naturopathia na yoga huchukua miaka mitano na nusu, mafunzo kwa vitendo yakiwemo. Sehemu kubwa ya muda huo mwanafunzi anajifunza kutambua mgonjwa ambaye si wake: mwenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, mwenye figo zinazofeli, mtoto wa kisukari anayeishi kwa insulini. Huyo wa mwisho akikatiziwa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Sasa linganisha na cheti cha semina ya wiki mbili kilichowekwa kwenye fremu.

Na ile mashine ya kushika kifimbo kiganjani, ikakutolea karatasi ya ini, figo, kongosho na mifupa kwa dakika moja: haipimi. Hali ya figo hujulikana kwa damu na mkojo. Nimeshalieleza hili mikutanoni mara nyingi mno, na bado watu wananiletea zile karatasi zikiwa zimepigwa plastiki.

Lipo la kweli ambalo wauzaji wa dawa hulipotosha. Kisukari cha aina ya pili, kile kinachowapata zaidi watu wazima, kinaweza kutulia. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliotoa matokeo ya kwanza 2017, karibu nusu ya waliopewa mpango mkali wa kupunguza uzito walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari baada ya mwaka mmoja bila dawa. Lakini walikuwa wanene, ugonjwa wao haukuzidi miaka sita, hawakuwa wa insulini, na dawa walisimamishiwa kliniki huku wakipimwa. Hapo ndipo mtaalamu mzuri wa lishe na mazoezi ana kazi kubwa, bega kwa bega na daktari wako. Akikuambia uchague kati yake na hospitali ya KCMC, ondoka.

Sasa utaratibu. Vinavyosajiliwa ni vitatu, kila kimoja peke yake: mtu, kituo na dawa. Mtu huanzia kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri anakofanyia kazi, anachukua fomu, anapata barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, anaambatisha vyeti na picha. Shahada ya nje huipeleka Tume ya Vyuo Vikuu itambuliwe kwanza. Ombi likikamilika linakwenda kwa Msajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kuwa na cheti cha mtu hakusajili kituo, na kituo kusajiliwa hakuhalalishi chupa iliyo kwenye rafu. Tangazo la redioni au mtandaoni nalo linahitaji kibali cha Baraza. Kutibu bila usajili ni kosa la jinai. Tunaowakuta hivyo huwa wanasema "maombi yako njiani". Maombi yaliyo njiani si leseni. Kadhalika jina la daktari: wanaotibu hospitalini wanasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na aliyesajiliwa upande wetu hapaswi kujiita hivyo ili akuvute.

Kuhusu unga wa mitishamba wa maumivu ya maungio nitasema kwa urefu kidogo, kwa kuwa wazee wengi wanautumia wakati wa baridi. Dawa ya mitishamba ikiondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili, ishuku. Nchi nyingi zimekuta unga kama huo umechanganywa na dawa kali za hospitali za kutuliza uvimbe, za jamii ya steroidi, kama prednisoloni au deksamethasoni. Mgonjwa anapata nguvu, anakula, kisha uso unavimba na kuwa wa mviringo, sukari na presha vinapanda. Akiuacha ghafla baada ya miezi anaweza kuzimia, maana mwili umeshazoea kutotengeneza homoni yake. Kwa hiyo ukiona uso wa mzazi wako umebadilika, usimnyang'anye unga na kuutupa chooni. Mpeleke hospitali na unga wenyewe, daktari ndiye atajua namna ya kumpunguzia dawa hiyo taratibu.

Mlonge, kitunguu saumu na vingine mnavyochemsha nyumbani, mtajieni daktari navyo. Vikikutana na vidonge vya sukari au vya kuzuia damu kuganda vinaweza kuongeza nguvu ya dawa kupita kiasi.

Ukija kwetu kulalamika, njoo na chupa kama ilivyo, usiioshe, na lebo usiibandue. Njoo na risiti kama ulipewa, na namba ya simu uliyotumia kulipia. Jina lako hatulitaji kwa unayemlalamikia.