Nota zisubiri: namna ninavyomwanzisha mtoto mdogo kupiga piano

Mzazi anayeniletea mtoto wa miaka sita huuliza, karibu kila mara, ni lini mtoto ataanza kusoma nota, yaani alama za maandishi ya muziki, nami humjibu kwamba itakuwa baada ya miezi kadhaa. Wengine hunitazama kana kwamba nimewaambia nitamfundisha mtoto kuogelea nchi kavu.

Wazo lenyewe si langu. François Couperin, mpiga kinanda wa Ufaransa, aliandika mwaka 1716 kwamba watoto wasioneshwe maandishi ya muziki mpaka mikono yao iwe imezoea vipande kadhaa. Alikuwa mkali kunizidi: baada ya somo aliondoka na ufunguo wa kufungia kinanda, ili mtoto asije akaharibu kwa dakika moja kile alichofundishwa kwa robo tatu ya saa. Mimi ufunguo nauacha, ingawa sababu yake naielewa vizuri.

Mtoto anayewekewa karatasi mapema hulazimika kutazama juu asome, kutazama chini atafute kibao cha kubonyeza, kisha kutazama juu tena, na kufikia hapo ameshasahau alipokuwa. Mapigo yanakatika, na kinachobaki ni sauti moja moja zisizo na wimbo. Kwa hiyo mkono huujua ubao wa piano, yaani safu nzima ya vibao, kwanza. Piano ya kawaida ina vibao 88, yaani vyeupe 52 na vyeusi 36, na kwa mtoto vyeupe vyote ni sawa. Vyeusi ndivyo vyenye alama, kwa kuwa vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu. Namwambia afumbe macho, apapase kwa kidole cha pili na cha tatu kuanzia gumba, na kila akikuta viwili ashuke kwenye cheupe kilicho kushoto kwao: hiyo ni Do, sauti ya kwanza katika do-re-mi. Jozi zipo saba. Baadaye hugundua mwenyewe kwamba mwisho kabisa kulia ipo Do ya nane isiyo na jozi, na kwamba upande wa kushoto kabisa kipo cheusi kimoja kilichobaki peke yake. Sijapata kuona mtoto asiyekionea huruma hicho kimoja.

Miaka yangu ya mwanzo nilibandika karatasi zenye herufi juu ya vibao. Mwanafunzi wangu mmoja alipiga nyimbo nne bila kosa, na siku nilipozibandua alikaa kimya, mikono mapajani, kwa sababu alichokuwa amejifunza ni karatasi wala si piano. Sijazibandika tena.

Kuhusu kukaa, nitasema moja tu: miguu isining'inie. Mtoto ambaye miguu yake haigusi kitu hujishikilia kwa mgongo na mabega, na ugumu huo hushuka hadi kwenye vidole, kwa hiyo weka kigoda chini ya miguu, kisha pandisha kiti mpaka mkono kutoka kiwiko hadi kifundo ulingane na vibao.

Vidole huhesabiwa kuanzia gumba, ambacho ni cha kwanza, hadi kidogo, ambacho ni cha tano. Naanza na cha tatu, kikiegemezwa na gumba kwa chini kama anayeshika punje ya mchele, maana kiungo cha mwisho cha kidole cha mtoto hubonyea kwa ndani anapobonyeza kibao. Cha nne nakichelewesha, kwani kano zake zimeungana na za majirani zake na hakinyanyuki kwa uhuru. Kumlazimisha mtoto akinyanyue juu ni kumtesa bure.

Muda mwingi wa somo hupita katika kuitikiana: mimi napiga sauti tatu, yeye anazirudia bila kutazama mkono wangu, halafu tunabadilishana. Nyumbani dakika kumi kila siku zinatosha. Siku nota zinapofika hatimaye, namwekea karatasi ya wimbo ambao mikono yake imeupiga kwa wiki nyingi, bila kumwambia jina lake. Hufuata doa kwa doa kwa kidole, akinong'ona, na kabla ya kufika mstari wa pili huwa ameshaanza kuimba.